Sindano Zilizobaki Japani

Nilitoka chuoni nikiamini kwamba nchi hujengwa kwa mikutano inayoanza kwa wakati na taarifa zilizopigwa chapa bila kosa. Kazi yangu ya kwanza iliifaa imani hiyo: nilikuwa karani wa chama cha wenye viwanda na biashara, katika ofisi ya ghorofa ya nne katikati ya jiji la Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Katika mwaka wangu wa pili chama kilialikwa kupeleka wajumbe wanane Japani, wakaone viwanda vya kisasa. Saba walikuwa wanaume. Wa nane alikuwa mama mmoja wa Mutuini, mwenye karakana ya kufuma sweta za shule. Mimi niliongezwa ili niandike taarifa, na pia ili mama huyo awe na mwenzake chumbani.

Mwenyekiti wetu, mwoka mikate mkubwa aliyeishi Muthangari, alitufundisha adabu za wenyeji wetu kwa majuma mawili. Alituinamisha ofisini mpaka mfanyabiashara mmoja wa mbao akalalamika mgongo.

"Zawadi hutolewa kwa mikono miwili," alisema, "tena ikiwa imefungwa vizuri. Na mnisikilize: hatuendi kule kuomba. Tunaenda kuona."

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, na neno kuomba lilinichoma kama tusi. Nilipiga chapa karatasi ya maagizo. Agizo la sita lilieleza kwamba Mjapani hafungui zawadi mbele ya aliyempa, kwa hiyo mjumbe asione vibaya. Alasiri niliyowasomea wajumbe karatasi hiyo, mama wa Mutuini hakuwepo. Alikuwa amepeleka sweta katika shule moja ya Karen.

Ndani ya ndege alifungua mkoba wake akatoa kikopo cha bati cha peremende.

"Binti, wacha nikuonyeshe kitu imenipeleka huko."

Ndani ya pamba zililala sindano tatu za mashine ya kufumia, ndefu kuliko kidole, kila moja na ndoano nchani na kiulimi kinachofunga na kufungua. Zote zilikuwa zimevunjika ndoano. Alinieleza kwamba mashine zake nane zilitoka Japani. Alizinunua kwa mzungu mmoja wa Karen aliyekuwa akirudi kwao. Sindano zilipoanza kuvunjika, duka la mjini lilimwambia aina hiyo haitengenezwi tena. Basi akawa anang'oa sindano za pembeni na kuzijaza katikati, na kila mwezi upana wa kufumia ukapungua.

"Sasa mashine zangu zimekonda," alisema. "Zinatoa sweta ya darasa la kwanza, ya pili, ya tatu kwa shida. Darasa la saba haitoshi. Na shule tatu zinaningojea Januari. Nitaambia hao watoto nao wakonde?"

Asipozipeleka sweta hizo kwa wakati, walimu wakuu wangehamia duka la mjini, na wanawake saba waliomfanyia kazi wangerudi nyumbani. Nilimkumbusha maneno ya mwenyekiti.

"Mimi siombi," alisema akifunga kikopo. "Nitanunua. Nauliza tu ziko wapi."

Siku ya nne tulifika katika kiwanda kilichotengeneza mashine hizo. Sitasahau ukumbi ule. Mashine zilifuma zenyewe, zikiongozwa na kadi zenye matundu, na mtu mmoja aliyevaa glavu nyeupe alisimamia mashine kumi. Wajumbe waliuliza juu ya kasi na umeme. Mama wa Mutuini aliinama chini ya kila mashine akitazama sindano, akitikisa kichwa.

Mwishoni tulipangwa mstari kutoa zawadi. Mkuu wa kiwanda, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe, alipokea vinyago na vyondo, akaviweka mezani bila kuvifungua. Mama alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekifunga kile kikopo kwa kitambaa cheupe chenye ua la kudarizi, kwa kuwa alifundishwa kwamba kitu hukabidhiwa kikiwa kimefungwa, naye alidhani ndivyo pia suala linavyowasilishwa. Alikitoa kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, "hizi ni zenu. Zimevunjika. Naomba uniambie nitapata wapi zingine."

Mkalimani wao hakujua Kiswahili; alitafsiri kutoka Kiingereza tu. Akanigeukia. Nyuma yake mwenyekiti alikuwa akinitazama. Katika maneno yote ya mama, mimi nilikuwa nimesikia moja tu: naomba.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anawashukuru sana kwa kutukaribisha."

Mzee aliinama sana, akakiweka kikopo pamoja na vinyago. Tukaondoka.

"Amesema nini?" mama aliniuliza ndani ya basi.

"Wao hawafungui kitu mbele ya mtu, Mama."

"Haya. Atafungua tukienda."

Katika hoteli tatu zilizofuata aliulizia kama kuna simu kutoka kwa mzee kila tulipoingia. Nilimjibu kwamba hakuna, na jibu hilo angalau lilikuwa kweli. Taarifa yangu niliyoandika baada ya kurudi ilikuwa ya kurasa ishirini na mbili, bila kosa la chapa, na sindano hazikutajwa popote.

Barua ya Kiingereza kutoka kiwandani ilikuja muda mfupi kabla ya Krismasi. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya dirisha la ofisi, kisha Jumamosi nikaipeleka Mutuini. Karakana ilikuwa nyumba ya mbao kando ya shamba la mahindi. Mashine tano zilikuwa zimefunikwa kwa magunia. Mama aliniketisha, wafanyakazi wakasogea karibu, nikaanza kutafsiri.

Mzee yule alimshukuru mama aliyeleta sindano zilizochoka. Alieleza kwamba kwao iko siku ambapo watu wa kazi ya sindano huzipeleka zilizovunjika hekaluni. Huzichomeka katika donge la soya, laini kama maziwa yaliyoganda, ili baada ya kuchoma vitu vigumu maisha yao yote zipumzike mahali palipo laini. Mke wake alizipeleka zile tatu. Hakujua, aliandika, kwamba Nairobi nako watu huheshimu sindano hivyo.

"Kwa hivyo sindano zangu zimezikwa," mama alisema.

"Na hata hatukuitwa matanga," akadakia mfanyakazi mmoja, mama mnene aliyetoka Kakamega. Wote wakacheka, isipokuwa mimi.

Niliwaambia yote: alichokisema mama siku ile, nilichokisema mimi, na sababu yake. Nilisema ningemwandikia mzee jioni ile ile ajue kwamba ile haikuwa zawadi.

"Nilikuona ukisita," mama alisema. "Nikafikiri Kiingereza kimekupotea." Kisha akaikunja barua taratibu. "Huyo mzee usimguse. Mke wake ametembea mpaka hekaluni. Mwachie zawadi yake. Ukweli wako umpelekee mwenyekiti. Mzee umuulize tu kama sindano zangu ziliacha ndugu."

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mwenyekiti nikarudia maungamo. Hakunikemea. Alivua miwani, akaifuta.

"Nilikutazama ili unyamaze," alisema, "nawe ukanyamaza. Leta karatasi."

Barua aliitunga mwenyewe na kuitia sahihi. Ilianza hivi: "Tunaomba."

Shule zilifunguliwa kabla ya jibu kufika. Shule moja kati ya tatu ilihamia mjini. Zile mbili walimu wakuu walimpa mama hadi mwisho wa Februari. Wiki ya tatu ya Februari kifurushi kikafika. Kilikuwa na sindano mia mbili zilizopakwa mafuta. Mtunza stoo mmoja mzee wa kile kiwanda alikuwa amekataa kuzitupa.

Jumamosi hiyo tulizipanga pamoja, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka hapakuwa na pengo. Katika droo mama alipata moja ya zamani iliyovunjika. Akaitazama, akachukua kiazi kilichochemshwa kutoka kwenye sahani ya chakula cha mchana, akaichomeka.

"Mama," akasema yule wa Kakamega, "hicho kiazi si kilikuwa changu?"

"Chukua kingine. Huyu amefanya kazi kuliko wewe."

Kisha akaninyanyua kwa mkono akaniketisha mbele ya mashine, akaniambia nivute. Niliuvuta mkono wake wa chuma kutoka ukingo hadi ukingo, na uzi wa buluu ukashikwa na kila sindano njia nzima, upana wa mtoto wa darasa la saba.