Noeli Niliyoila Nyuma ya Mlango

Wenzangu mliokulia Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule China, kabla ya simu za kutazamana usoni, baridi ya Desemba mnaikumbuka. Haikuwa hata na theluji ya kujivunia. Ilikuwa baridi ya unyevu, inayoingia kwenye soksi na kukaa humo bila kulipa kodi. Ndani tulikuwa na blanketi, chai ya tangawizi, na Mama akikaanga ndizi kwa mawese yaliyosafiri kutoka Bukavu ndani ya sanduku la mtu. Harufu ilishuka ngazi hadi kwa mama mwenye nyumba, Mchina mpole, ambaye alifungua dirisha na kukohoa kwa heshima.

Kila mwaka kabla ya Noeli, Mama alinipeleka soko la vitambaa la Zhongda kununua kitambaa, maana kwetu siku hiyo familia nzima huvaa kitambaa kimoja. Hesabu nilisomea huko. Mama aligusa jora, akauliza bei, akacheka kidogo kwa huruma, akaanza kuondoka. "Laoban, mimi nina watoto," alimwambia bosi wa duka. Bosi akajibu kwamba naye anao. Wakalinganisha watoto mpaka bei ikashuka. Nyumbani Mama alipima mita zote upya, kisha akapima tena, asije akawa amepunjwa na furaha yake mwenyewe.

Mwaka nilipokuwa na miaka saba, siku nne kabla ya Noeli, niliamka na vipele kumi na tisa. Niliporudia kuhesabu vikawa ishirini na viwili. Daktari wa kliniki akatazama tumbo langu, halafu akatazama la Mama, lililokuwa la miezi mitano.

"Ni tetekuwanga," alisema. "Mama, wewe uliwahi kuiugua?"

Mama akasema hajui. Tabasamu la daktari likaisha. Alieleza kwamba mjamzito ambaye hajawahi kuipata anaweza kuumia vibaya, yeye na mtoto aliye tumboni. Wakamtoa damu. Majibu yangechukua siku kadhaa, na hadi hapo asinikaribie.

Nikahamishiwa chumba kidogo cha kando ya balkoni. Papa, aliyeugua akiwa shuleni na mwenye makovu ya ushahidi, ndiye akawa nesi. Alinipaka dawa ya rangi ya waridi, baridi kama samaki. "Usijikune," aliniambia. "Uso ukiharibika hakuna duka la kuurudisha." Mama alikaa upande wa pili, mgongo mlangoni. Kwa chini niliona pindo la kitenge chake.

"Mama, ingia dakika moja."

"Hapana, mama yangu."

"Nusu dakika. Nitaziba pumzi."

"Meiyou," akasema, kama wauzaji wanaposema hakuna. Sokoni neno hilo humaanisha urudi baadaye, kwa hiyo nikarudi baada ya dakika tano. Nilishuka hadi kidole kimoja, apitishe chini ya mlango nikishike. Akakataa. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sikuwahi kumwona Mama akiikataa bei ya chini kiasi hicho.

Mtu pekee ambaye angejua kama Mama aliwahi kuugua alikuwa mama yake, Koko, huko Bukavu. Alizaa watoto tisa na hakuwa na simu. Tulimpata kupitia kwa jirani. Kwa siku tatu Papa alikwaruza kadi za simu, na kila mara sauti ya mwanamke ilituomba radhi kwa Kichina. Noeli ikafika. Papa alinivalisha gauni jipya juu ya vipele. Mama aliuimbia mlango nyimbo za Noeli, naye Papa akatia besi bila kuombwa.

Saa kumi na moja jioni laini ikashika. Kule ilikuwa saa tano asubuhi, Koko katoka misani. Papa akafungua spika, nami nikabandika sikio mlangoni.

"Mama, nikiwa mtoto nilipata tetekuwanga?" Mama akamuuliza Koko.

"Weye ni nani?"

"Faida."

"Faida, Noeli njema. Mumekula?"

"Mama, tetekuwanga."

"Ilipita hapa nyumbani. Ilikamata sita."

"Na mimi nilikuwemo?"

Koko akaanza kuwataja kwa majina, polepole, kadi ikitafunwa. Akapata watano. Akarudia, akapata sita, lakini wa sita alikuwa mtoto wa jirani. Hakuna aliyecheka.

"Ngoja," akasema. "Ni weye ulijikuna. Nilikufunga mikono na soksi za baba yako. Angalia nyuma ya sikio la kushoto, mule mwa nywele. Kuna kishimo, punje ya mtama inaingia."

Nilisikia kilemba kikifunuliwa. Kisha Papa: "Kipo."

"Angalia tena," Mama akasema.

"Kipo, Faida."

"La kushoto?"

"La kushoto."

Simu ikakatika kabla hatujashukuru. Kitasa kikazunguka. Mama akaingia na kitambaa chake kipya, akakaa kitandani, na dawa ya waridi ikakichafua chote. Alinishika uso kwa ncha za vidole, kama anavyoshika kitambaa ambacho ameshaamua kukinunua. Ndizi zilikuwa zimepoa. Tulizila watatu humo humo.

Majibu ya damu yalikuja baadaye, yakasema alichosema Koko, ila kwa bei kubwa zaidi. Mdogo wangu alizaliwa mwezi wa nne, mzima, mwenye kelele.

Watoto wa siku hizi huchanjwa. Binti yangu alidungwa sindano mbili, nilizihesabu. Bibi yake anamwona kwenye kioo cha simu huku anatafuna, na picha ikiganda sekunde tatu analalamika kwamba dunia imeharibika. Ni bora hivi, sina ubishi. Ila enzi zetu, ukitaka kuijua historia ya mwili wako, ulimtafuta mtu aliyekuogesha, na siku hizi Koko hayupo tena.

Kwa hiyo likizo hii ya baridi nimemwandikia binti yangu daftarini kila alichowahi kuugua na nani alimshika. Kurasa mbili. Akaniambia ningeweka tu kwenye simu. Nikamwambia sawa, kisha nikaanza kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie ukurasa wa kwanza.