Barua Zote Zilirudi kwa Balozi

Mara ya tatu Eliaichi alipoingia zahanati huku ameushikilia mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, Dorkas hakumwuliza tena ameangukia wapi. Watoto wa Mrindi huanguka, hilo kila mtu analijua. Kijiji kimebandikwa mlimani juu ya Same, na njia zake ni mawe matupu. Lakini mtoto gani huyu wa miaka kumi na miwili anayeanguka kila Jumapili na kuja zahanati kila Jumatatu?

"Kaa hapa, mwanangu. Nani kakupiga?"

"Nimeanguka, nesi."

"Umeangukia fimbo?"

Eliaichi alitazama dari, kisha akauliza polepole, "Ukiandika, baba mdogo ataona?"

Baba mdogo mwenyewe ni Tumainieli, aliyemrithi mama yake Eliaichi baada ya kaka yake, baba wa mtoto, kufariki. Jumapili akishakunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, mlima mzima husikia. Na si hilo tu. Tumainieli alikuwa balozi wa nyumba kumi. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na balozi hakuwa mtu mdogo hata kidogo. Bila karatasi yake hupati unga, hupati sukari, wala huwezi kusafiri.

Dorkas alikuwa mwanamke mwembamba, mwendo wake wa haraka, mwenye tabia ya kugombana na vitu. Aligombana na stovu ya kuchemshia sindano, akagombana na kufuli la kabati la dawa, na mvua ikivuja aligombana na bati. Watu alikuwa hajazoea kugombana nao. Alizaliwa ng'ambo ya bonde, binti wa mkulima na mzee wa kanisa, akasomea uuguzi miaka miwili, akarudi milimani akiamini kwamba jambo likiandikwa vizuri likapelekwa panapohusika, litashughulikiwa. Basi akaandika.

Barua ya kwanza ilikwenda kwa katibu kata. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limepigwa muhuri safi: "Masuala ya familia yaanzie kwa balozi husika."

Dorkas aliisoma mara mbili. Balozi husika!

Barua ya pili aliipeleka kwa Mwanaidi, bibi maendeleo, mama wa Pangani ambaye baridi ya milimani ilimfanya avae sweta mbili hadi mwezi wa kumi na mbili. Mwanaidi alisikitika kweli, machozi yakamlengalenga, kisha akafanya kama alivyofundishwa: akamwandikia mlezi wa mtoto kumwomba maelezo, kupitia kwa balozi. Mlezi na balozi ni mtu mmoja, kwa hiyo jibu lilikuja haraka. "Mtoto ni mtundu. Tumesuluhisha."

Ya tatu Dorkas aliishusha mwenyewe, saa tatu za kutembea hadi kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kando ya barabara. Alimkuta koplo Paskali, mtu wa Ukerewe, akishona kifungo cha shati lake.

"Afande, kuna mtoto anataka kumshtaki mlezi wake."

"Vizuri. Barua ya utambulisho ya balozi wake iko wapi?"

"Balozi ndiye anayempiga!"

"Nimekusikia, dada. Lakini barua iko wapi?"

Dorkas akapanda mlima tena, akigombana na kila jiwe.

Shuleni nako alituma ujumbe kwa mwalimu mkuu, Hezroni. Jibu likaja kwa mdomo wa mwanafunzi: "Mwalimu anasema huyo Eliaichi ni mtoro sugu, nesi umsaidie kumwonya."

Basi ikawa hivyo. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, amekikalia kama kuku anavyokalia mayai. Na aliyekuwa anasoma barua zote, maana kila ofisi ilizirudisha kwa balozi, ni Tumainieli peke yake. Siku moja alikuja zahanati kuomba dawa ya kikohozi.

"Nesi, una mwandiko mzuri sana," alisema. "Huwa nafurahi kukusoma."

Dorkas alimpimia dawa.

"Sukari ya mwezi huu lakini, sijui kama itafika upande wako."

"Nitakunywa chai kavu, balozi."

"Kunywa, mama. Kavu ina afya."

Mwezi wa saba, Jumatatu moja, Eliaichi hakuja. Jumatatu iliyofuata pia hakuja. Dorkas alikwenda mpaka mlangoni kwao. Mama yake, Esta, akasimama katikati ya mlango na kusema mtoto amekwenda kwa bibi yake. Macho yake yalikuwa yanasema kingine. Baada ya wiki nne Dorkas alimwona Eliaichi njiani amebeba kuni kichwani, kazishika kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umevunjika na kuunga wenyewe nyumbani, bila gango, bila mtu wa kuunyoosha. Umepinda chini ya kiwiko.

Mfupa ukishaunga hivyo, zahanati haina la kufanya. Dorkas alikaa juu ya jiwe, akalia kwa hasira hadi kwikwi ikamshika.

Mwezi wa nane ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Huku kwetu mbiu hiyo ikipigwa hakuna cha bwana wala mtwana. Kazi ilikuwa kuzoa tope la ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya usiku ili asubuhi yashuke mferejini kwenda mashambani, na asiyezoa hapewi maji. Kwa hiyo Hezroni alikuja kwa ajili ya shamba la shule, suruali kaikunja magotini. Mwanaidi alikuja kwa ajili ya maharage ya kikundi chake cha akina mama. Hata Paskali alipanda, maana alikuwa amekodi kipande cha mahindi mwisho wa mfereji. Tumainieli hakuwepo, alikuwa ameitwa mkutanoni Same.

Walipokaa kula makande, Dorkas aliwatazama wale watatu. Wamekaa ukingo mmoja, miguu imejaa tope, wanaongelea mvua. Kumbe hawa watu wanaweza kukaa pamoja! Miezi mingapi hii amekuwa akiwafuata mmoja mmoja kama mchunga mbuzi?

"Leo hamwondoki hapa," alisema, na sauti yake ikawashtua hata wanawake wa mbali. "Kila mtu aseme anachojua juu ya Eliaichi. Bi Mwanaidi, anza."

"Mama yake aliniambia," Mwanaidi alisema, akiinamia bakuli. "Tangu mwezi wa tatu. Nikamwandikia mlezi."

"Mwalimu?"

Hezroni alitafuna muda mrefu kuliko makande yalivyohitaji. "Jumatatu haji shule. Jumanne akija…"

"Akija?"

"Namchapa. Viboko vitatu, vya utoro."

Hezroni aliweka bakuli chini, na hakulishika tena.

"Afande?"

"Mimi nimesikia kama watu wote walivyosikia," Paskali alisema. "Lakini sina mlalamikaji."

"Si nilikuja kwako mwezi wa nne!"

"Ulisema mtoto anataka kushtaki. Mtoto simjui, ndiyo maana nikataka barua. Ungesema unalalamika wewe, ningeandika palepale. Wewe nakujua, ulinichoma sindano za malaria."

"Mimi naweza kulalamika?"

"Yeyote aliyeona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote, dada."

Dorkas alifumba macho. Mkono wa mtoto umepinda, na neno lililokuwa linatakiwa ni "mimi"! Alitaka kumtukana Paskali, akaona atajitukana pia.

"Andika," alisema. "Andika sasa hivi."

Paskali aliandika kwenye daftari aliloazima kwa Hezroni, juu ya goti lake. Siku hiyohiyo Mwanaidi alikwenda kuzungumza na Esta, na jioni Eliaichi alihamia nyumbani kwa Hezroni na mkewe, na gauni lake moja limefungwa kwenye kitambaa. Tumainieli alivuliwa ubalozi. Kesi yake iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na barua alizozisoma alizipeleka mahakamani kama ushahidi kwamba nesi ana chuki naye.

Pale ndiva walikuwa wamekubaliana kukutana zahanati kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wote wanne, kuulizana habari za watoto. Jumamosi ya kwanza alikuja Mwanaidi na sweta zake. Paskali alikuwa amehamishiwa Lembeni, na aliyekuja badala yake hakujua lolote. Hezroni hakutokea.

Dorkas alisubiri saa nzima. Halafu akateremka hadi nyumbani kwa mwalimu, Mwanaidi akimfuata akihema. Walimkuta ana rundo la madaftari mezani.

"Shikamoo, nesi. Shikamoo, mama," Eliaichi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, umesahau?"

"Kazi, nesi. Unaona mwenyewe. Mwezi ujao nitakuja."

Eliaichi alileta chai. Kikombe cha kwanza alikishika kwa mkono wa kulia. Cha pili alikibeba kwa ule wa kushoto, na kwa sababu mkono haunyooki, kikaja kwa upande, chai ikamwagika juu ya madaftari.

"Samahani, mwalimu," alisema upesi, akarudi nyuma hatua mbili na kuinua kiganja mbele ya uso.

Hezroni alikitazama kile kiganja. Hakugusa daftari hata moja. Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake ili apande nao zahanati.