Mguu wa Mjusi Uliopata Waombolezaji

Jamani, mkasa huu nausimulia nimeziba uso kwa kiganja, maana mpaka leo nikikatiza Temeke kuna wazee wakiniona tu wanajipapasa bega.

Ilikuwa enzi za ujamaa, kila mtu ndugu, nami nimetoka kumaliza shule ya usiku (kwa nilivyojisifu ungedhani nimefungua chuo). Nilimpenda Asha, binti wa Mzee Nassoro, mtu wa Lindi aliyehamia Temeke, hata chai kavu nikimfikiria yeye naiona ina sukari. Mzee alikuwa hajanikubali. Lakini barazani hakuchoka kueleza jinsi Wajerumani walivyombebesha marehemu baba yake mifupa ya mijusi ya kale kutoka Tendaguru hadi bandarini, ikaenda Ulaya, na yeye Mzee hajauona hata ukucha. Nikasema, dawa ya mzee hii hapa! Wachonga vinyago wa Keko walikuwa wametengeneza kwa plasta, kwa maonyesho ya Sabasaba, mfano wa mifupa ya mguu wa mjusi mla nyama, mrefu kuliko mlango, makucha matatu kama majembe. Nikajitolea kuupeleka, ila nipitie kwanza kwa Mzee.

Mkokoteni ukakosekana. Mie na rafiki yangu Mponda tukaulaza juu ya kitanda cha kamba, na kwa kuogopa vumbi (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi) nikaufunika shuka jeupe.

Hatujafika mbali, mwanamume mmoja akaingiza bega chini ya kitanda bila kuuliza, kama ilivyo desturi jeneza likipita. Akaja mwingine, na mwingine. Mguu wenyewe mzito kama ng'ombe mwenye mimba, basi bega langu likashukuru, mdomo ukanyamaza. Punde barabara imejaa, watu wanaitikia La ilaha illallah, wa mbele wameshakata kona kwenda makaburini (kila mmoja akidhani maiti imeshaswaliwa), nami nyuma mikono mitupu kama mfiwa.

"Marehemu mtu wa wapi?" mmoja akaniuliza.

"Lindi," nikajibu (si uongo!).

"Lindi? Nipisheni nimpokee!" Mzee Nassoro huyo, katokea wapi sijui, keshaingia chini ya kitanda, machozi yanamtiririka. "Masikini, kufia mbali na kwao!"

Mponda akaninong'oneza, "Sema sasa!"

"Sema wewe!"

Makaburini upepo ukafunua shuka. Makucha matatu! Kitanda kikabwagwa, watu wakatawanyika, wenye mikongojo wakaiacha na kuwapita vijana. Akabaki Mzee. Akachuchumaa, akagusa ukucha mmoja taratibu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mzee. Nilikuwa nakuletea."

"Baba alibeba hajui anabeba nini. Na mie umenifanya vivyo hivyo." Akajifuta uso. "Nimelia kweli, kijana. Kwangu usije."

Asha akaozwa Lindi. Nami nimeapa, mtu akinipokea mzigo, namtajia kilichomo kabla hajainama. Posa nimeshazoea kuikosa. Ila Mponda aliniambia kwamba Asha alipopata habari alicheka, akashika mlango, akacheka hadi akakaa chini. Na mie, jamani, sikuwepo kukisikia kicheko kile.