Vipimo vya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na baiskeli za dukani hazikutengenezwa kwa mtu wa namna hiyo. Miaka kumi na mbili alizikimbiza kila mapumziko, hadi kiuno kikagoma. Daktari akamwambia waziwazi: apate fremu inayomfaa, au baiskeli aisahau.

Ndiyo sababu akaenda kwa fundi wa fremu, mzee waliyembandika jina la Kobe kwa kuwa fremu moja ilimchukua miezi miwili. Karakana yake ilinuka mafuta na chuma kilichoungua. Fundi cherehani akaligonga bomba moja kwa kucha, akalisikiliza kama anayenunua tikiti maji.

"Mbona jembamba hivi?"

"Ukuta wake mwembamba katikati, mnene kwenye ncha. Ndipo linapobeba mzigo," akajibu Kobe.

Ndani ya bomba nani amepaona? Fundi cherehani akaguna. Tena ukutani ilining'inia fremu iliyokwisha kuungwa, haina rangi, haina mwenyewe. Akainuka na neno lake moyoni: huyu anataka kunipa aliyoikataa mwenzangu, aniuzie mbuzi kwenye gunia. Kobe alipochukua futi ampime, akarudi nyuma.

"Acha, bwana. Mimi napima watu tangu sijaota ndevu. Nitakuletea vipimo mwenyewe."

Nyumbani alisimama ukutani bila viatu, mkewe akamsomea futi huku mtoto mmoja yuko mgongoni na pacha wake anavuta kanga. Mume akaandika. Kesho yake akapeleka karatasi. Kobe akaisoma, akamtazama miguu, akaisoma tena.

"Una uhakika na hivi?"

"Kwani vina nini?"

"Nimeuliza tu. Kesho saa nne nakata."

Usiku kucha swali lile lilimwasha. Asubuhi, akiwa anapiga pindo la suruali ya mteja, akamweleza mkewe.

"Anatafuta kisingizio. Atasema vipimo vyangu vibaya, kisha anishushie ile ya ukutani."

Mke alikuwa ananyonyesha. Akauliza polepole, "Baba Pacha, mguu uliandika ngapi?"

"Sentimita themanini na tisa."

"Mimi nilisoma themanini na sita na nusu."

Cherehani ikanyamaza. Akatazama pindo lililo mkononi mwake, lile analoongeza kwa kila mteja bila hata kufikiri.

"Na mkono?"

"Nao utakuwa umeutilia nafasi ya mshono. Kinyozi hajinyoi, mume wangu. Chuma kikikatwa utakifumua wapi?"

Ilikuwa saa nne kasorobo. Alitoka na sindano zimechomekwa kifuani.

Alimkuta Kobe amekaa kwenye kigoda, bomba limebanwa kwenye jiliwa, msumeno uko pajani.

"Umeshakata?"

"Ningekata nini? Mtu wa mguu ule angeinama mlangoni kwangu. Wewe hukuinama."

"Kwa nini jana hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Fundi cherehani akavua viatu. Akasimama ukutani, akakubali kitabu kinene kipandishwe kati ya mapaja yake, jambo ambalo hajapata kumfanyia mteja yeyote. Lakini Kobe alipotaka kusoma, akamshika mkono.

"Nisome mimi."

"Soma."

Themanini na sita na nusu. Wakapima kiwiliwili, wakapima mkono. Kobe akaandika tarakimu kama zilivyo, bila kuongeza hata ukucha.

"Turudie."

Wakarudia. Wakarudia na mara ya tatu, mzee wala hakununa. Kisha akachora mstari kwenye bomba, akaushika msumeno. Fundi cherehani hakuondoka. Alibaki pekupeku juu ya vumbi la chuma, ameinama karibu, anautazama ule mstari mpaka meno ya msumeno yalipouma chuma.

"Sogeza kichwa," akasema Kobe. "Sioni."

Akasogeza. Kidogo.