Firigisi ya Baba

Juzi, chumbani kwetu mtaa wa Najma, huku ughaibuni, nikingoja basi la kutupeleka zamu ya ulinzi, niliona kwenye simu wabunge wa nyumbani wakigonga meza na kumcheka mama mmoja aliyesimama kutetea mswada wa usawa. Mlio ule wa meza niliujua.

Mchana mmoja utotoni mwangu, redio ilikuwa ikirusha mjadala kama huo, na sebule ilinukia kuku na moshi wa kuni. Baba alikuwa ameketi na wadogo zake. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke hata haionji. Mimi nilikuwa nimesikia redioni kwamba wanawake sasa watapata haki sawa, basi nikaitoa kwenye sahani ya baba, nikampelekea mama jikoni.

Baba hakunipiga. Alimwita mama, akamwamuru apige magoti mbele yao.

“Kula, mheshimiwa,” alisema. “Tafuna tukuone.”

Mama alitafuna polepole, machozi yakimdondoka. Baba zangu wadogo waligonga meza kwa vicheko. Mama hakuonja kuku tena mpaka tulipomzika.

Mchana ule nami niligonga meza, kwa nguvu kuliko wote. Nilidhani analia kwa furaha, kwamba kwetu sheria imeshapita.