Jiwe la Kusagia la Mama Hosea

Tangu amzike mumewe, Modesta aliishi peke yake pale Ikuti. Sisi majirani tulimwita Mama Hosea, ingawa huyo Hosea tulimwona kwa nadra. Alikuwa Dar es Salaam, akituma pesa za kumjengea mama yake nyumba ya matofali, na hakuwahi kumuuliza kama anaitaka. Hilo sikulipenda, na nililisema.

Mchana mmoja Mama Hosea alirudi kutoka kuchuma chai, akakuta jiwe lake la kusagia halipo. Alikuja nalo alipoolewa, kutoka kwao Milima ya Livingstone. Mafundi walikuwa wamekusanya mawe yote ya uani na kuyapanga kwenye msingi.

"Mama, mawe si yamejaa huko mtoni?" Ackson, fundi mkuu, alicheka. "Nikuletee mangapi?"

"Ya huku yanatoa mchanga kwenye unga. Sagia wewe, uone kama utabaki na meno."

Vibarua wakamcheka Ackson.

Mama Hosea aliniita nimsaidie kutafuta, kwa kuwa nafundisha jiografia. Haikuwa kazi ngumu. Mawe yetu ya Rungwe ni meusi. Yalitoka ardhini yakiwa yameyeyuka kwa moto wa volkano, yakapoa haraka, na gesi iliyokuwa ikitoka ikayaachia vitundu. Jiwe lake lilibadilika bila kuyeyuka. Lilizikwa chini sana, likabanwa na uzito wa milima na kuchomwa na joto la ardhi kwa muda mrefu mno, hadi chembe zake zikajipanga kwa mistari myeupe na myekundu.

Tuliiona ile mistari kwenye msingi wa chumba cha kulala. Saruji ilikwisha kushika.

Ackson akampigia Hosea simu, akaweka spika ili sote tusikie.

"Mama, ni jiwe tu hilo," Hosea alisema. "Nitakununulia blenda."

"Utakuja lini?"

"Mambo mengi huku, mama. Tutaona mwisho wa mwaka."

Mama Hosea akamrudishia Ackson simu. "Bomoa."

Nilimwambia Ackson mbele ya vibarua wake kwamba kitu cha mtu huombwa. Alichukua nyundo. Alitindua taratibu mpaka jiwe likatoka zima, saruji imeganda upande mmoja.

"Ndaga," Mama Hosea alishukuru, akalibeba mwenyewe.

Jioni nilimsikia akisaga. Ulikuwa ulezi wa uji wa mtu mmoja, na mlio wa jiwe haukuchukua muda kunyamaza.