Kadi Moja ya Mbeya

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa shule ya bweni huko Iringa, upande wa Kihesa. Barua za mnyororo zikatuvamia. "Nakili barua hii mara ishirini, ukikaidi utapata balaa." Wasichana walikuwa wanalia, wanaacha hesabu wananakili upuuzi! Mkuu wa shule akaniambia, "Dada, hizo barua zikomee mezani kwako."

Basi nikatengeneza kadi. Kila bahasha ya balaa na kadi yake: muhuri wa posta, mwandiko, rangi ya wino. Barua mpya ikija nalinganisha. Ikifanana, inakwenda jikoni kuwashia kuni, bila kufunguliwa. Mwaka haukuisha, sanduku la kadi likafura mpaka mfuniko ukagoma. Kutafuta kadi moja ikawa kazi ya asubuhi nzima. Nami subira sina, sikuwa nayo hata ujanani. Nikakaa nikazifupisha: mji mmoja, kadi moja. Ya Mbeya niliandika: "Herufi kubwa tupu, hakuna jina la anayeandikiwa. Choma." Kazi ikawa nyepesi, nikajisifu mwenyewe.

Likizo nikaenda kwetu Mbeya. Mama yangu hakujua kusoma. Miaka yote barua zake aliandikiwa na mwalimu jirani. Safari hii nikamkuta na daftari la elimu ya watu wazima, anachora herufi kubwa, moja moja. Akaniuliza, "Barua yangu umeionaje?"

"Ipi, mama?"

"Niliyoandika mwenyewe! Namba ya sanduku la posta nilinakili sawasawa. Ila jina lako, si unajua."

Nilijua. Nimepewa jina la ukoo wa baba mkwe wake, na kwetu mke hatamki jina la mkwe, seuze kuliandika. Juu ya bahasha aliweka MWANANGU, basi.

Jamani, nikaikumbuka kadi yangu ya Mbeya. Nikamdanganya kwamba imepotea njiani. Nikambembeleza aniambie aliandika nini. Akacheka kwa haya, akaziba mdomo kwa khanga. "Mambo ya barua yanasemwa mdomoni? Nitakuandikia nyingine."

Masika yale akafariki, kabla hajaiandika. Watu huniambia mama alikupenda, yatosha. Hayatoshi! Nimezeeka sasa na bado naitamani ile karatasi, hata kama ilikuwa salamu tu na habari za migomba. Ndiyo barua pekee aliyoniandikia kwa mkono wake, na mimi niliipeleka jikoni bila kuifungua.